Ua gani ununue kwa bustani ya mawe Mtwara

Kwetu Mtwara mvua ikikatika Mei, ardhi husubiri mpaka Novemba au Desemba. Kwa hiyo nikifika kitaluni swali langu ni moja: mche huu ukikosa ndoo ya maji Septemba, nitaukuta hai?

Kwa kipimo hicho, waridi la jangwani, ambalo wauzaji wengi huliita adeniamu, naliweka la kwanza. Ni mmea wa Afrika hii hii, umezoea miamba, na akiba yake ya maji iko kwenye shina lililovimba chini. Kiangazi linaweza kupukutisha majani yote na bado likachanua. Usivutwe na maua. Bonyeza shina kwa kidole: likiwa gumu kama kiazi kibichi, chukua, likibonyea limeoza, liache hata ukipunguziwa bei. Niliwahi kubeba mche uliojaa maua katikati ya masika bila kugusa shina, na wiki tatu baadaye ukalala chini. Uliza pia kama umetokana na mbegu au kipandikizi, maana wa mbegu ndio unaotunisha shina vizuri. Uliobebeshwa, yaani ulioungwa tawi la mche mwingine juu ya shina lake, una maua ya kuvutia zaidi, ila machipukizi yanayotoka chini ya kiungo itabidi uyakate. Utomvu wake ni sumu. Wawindaji sehemu mbalimbali za Afrika waliupaka kwenye mishale. Wenye watoto wadogo wautafutie mahali pa juu.

La pili ni taji la miiba, asili yake Madagaska. Huchanua karibu mwaka mzima na mbuzi wazururaji huliogopa. Chagua lenye matawi mengi tangu chini, na ukilipogoa vaa glavu, maana utomvu wake huwasha ngozi na ni hatari kwa macho. Kwa nyumba za Shangani zinazopigwa na kusi yenye chumvi, ningelipandisha liwe la kwanza.

Vinka ni la tatu. Hilo usilitolee hela nyingi: omba mbegu kwa jirani. Huchoka baada ya miaka michache lakini hujiotea lenyewe katikati ya mawe. Hutoa dawa za saratani, vinkristini na vinblastini, ila hizo hutengenezwa kiwandani. Kuchemsha majani yake nyumbani ni hatari.

Bogonvilia naiweka mwisho. Inavumilia ukame vizuri sana, lakini itafunika mawe yako yote. Inunue kwa ajili ya uzio.

Mawe ya matumbawe tunayo tele. Mchanga tumia wa mtoni, wa ufukweni una chumvi, na tuta liinuke ili maji ya masika yasituame. Mimi hununua Oktoba: mche dhaifu umekwisha jionesha, na mvua iko karibu.