Pateni ya Gauni Refu: Unalipia Mabega, Sketi Kata Mwenyewe

Pateni ya gauni refu inayouzwa tayari, yaani karatasi zilizochorwa vipande vya kukatia gauni, iwe ya bahasha au ya faili la PDF, inastahili pesa yake kwa sehemu moja tu, nayo ni ya juu. Mabega, kwapa, shingo na kichwa cha mkono ndivyo vinavyomshinda mtu anayeshona nyumbani bila kusomea kukata, na humo ndimo ulimo ujuzi unaoulipia. Sketi ya marinda hata iwe ndefu vipi ni mistatili miwili. Anayetaka dera basi asinunue kitu. Dera ni kitambaa kilichokunjwa, kikatolewa shingo na kupigwa mishono miwili. Gauni linalopimwa hapa ni lile lenye umbo: kifua chenye dati (kunjo lililochongoka linaloshonwa ili kitambaa kifuate titi), shingo ya V, mkono wa kupachika, mshono kiunoni, sketi hadi kifundo cha mguu na zipu ya kuficha mgongoni.

Biashara hii haijabadilika sana tangu Ebenezer Butterick aanze kuuza pateni za karatasi za saizi mbalimbali Marekani mwaka 1863. Huchorwa mwili mmoja wa mfano, kisha ukapanuliwa na kupunguzwa. Kwa Simplicity, McCall's, Butterick na Vogue, mwili huo ni wa mwanamke wa urefu wa kama sm 165 hadi 168 mwenye matiti ya sidiria ya kikombe B. Kila pale mwili wako unapoachana na huo, pateni itakudanganya, na inadanganya mahali panapojulikana. Hilo ndilo zuri lake.

Namba ya saizi ya dukani isahau. Kwenye jedwali la kampuni hizo, saizi 14 ni kifua sm 92, kiuno 71, nyonga 97. Saizi 16 ni 97, 76 na 102. Anayevaa gauni la dukani lililoandikwa 12 si ajabu kujikuta kwenye 16, na hapo wengi huona haya wakachukua ndogo. Lakini jedwali lenyewe nalo si neno la mwisho. Kwenye karatasi ya kipande cha mbele, karibu na alama ya duara lenye msalaba, huchapishwa kipimo cha kifua cha gauni likishakamilika. Toa kifua chako humo. Ikibaki sm 5 hadi 8, gauni litakaa mwilini vizuri na utapumua. Ikipita 12, ni gauni la kupwaya, na pateni za Marekani zinajulikana kwa kuachia nafasi kubwa kuliko picha ya bahasha inavyoonesha. Kwa joto la Unguja nafasi si dhambi, ila iwe kwenye kiwiliwili. Bega likipwaya, gauni zima huonekana la kuazima.

Mwenye kifua kikubwa asipande saizi, maana bega nalo litapanda. Pima kifua cha juu, tepu ipite kwapani juu ya matiti, kisha pima kifua kamili. Tofauti ikizidi sm 5, soma jedwali kwa kifua cha juu na uongeze nafasi ya matiti peke yake. Mfano: kifua cha juu 97, kifua kamili 104. Chukua saizi 16, inayokosa sm 7, yaani 3.5 kwa kila nusu ya mbele. Kwenye karatasi uliyonakili, chora mstari kutoka kiunoni kwenda juu hadi ncha ya titi, halafu ukunje kona kuelekea theluthi ya chini ya kwapa. Kata, ila acha milimita moja au mbili isikatike pale kwapani iwe bawaba. Kata tena katikati ya dati ya ubavuni hadi karibu ufike nchani. Sasa fungua ule mwanya wa wima hadi uwe sm 3.5 sawasawa juu na chini, ubandike karatasi nyuma. Upande wa katikati ya kifua utakuwa mfupi kuliko ubavu, kwa hiyo ukate kwa mlalo chini ya titi na uushushe mpaka mstari wa kiuno ulingane. Dati itakuwa imenenepa, na ndivyo inavyotakiwa. Ishie sm 2 au 2.5 kabla ya ncha ya titi. Ikifika nchani kabisa huchomoza kama kibanio. Zile sm 3.5 zilizoongezeka kiunoni zimeze kwa marinda madogo au uzipunguze ubavuni.

Faili la PDF huokoa gharama za posta, lakini kosa lake huzaliwa dukani kwa mchapishaji. Kompyuta nyingi hujipangia zenyewe kuubana ukurasa uingie kwenye karatasi. Mwambie achape kwa asilimia 100, na achape kwanza ule ukurasa mmoja wenye mraba wa kupimia. Mraba wa sm 10 ukitoka 9.7, gauni la kifua sm 100 litatoka 97, na hutaligundua mpaka zipu ikatae kupanda. Gauni refu hula kurasa 40 na zaidi za A4, na kuziunganisha ni kazi ya sakafu yenye vigae vilivyonyooka. Palipo na duka linalochapisha ramani za nyumba, lipa uchapiwe karatasi kubwa.

Ile karatasi laini ya bahasha usiikate. Ina saizi kadhaa zilizopandana, na ukishaifuata moja, nyingine zimekwenda. Nakili kwenye karatasi ya kaki. Msimu wa masika karatasi hiyo hunywa unyevu ikajikunyata, hivyo ipige pasi ya vuguvugu isiyo na maji kabla ya kunakili. Mshale mrefu ulionyooka ulale sambamba na kingo ya kitambaa; mshale uliopinda ncha mbili maana yake ukingo huo unakaa kwenye kunjo la kitambaa, haukatwi. Anayeusahau huishia na kifua cha vipande viwili.

Posho ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, ni jambo la kuangaliwa kabla ya mkasi. Pateni za bahasha za kampuni nilizozitaja zina sm 1.5 ndani yake tayari. Gazeti la Burda la Ujerumani, linalotoka tangu 1950, halina, unaongeza mwenyewe. Na ile 1.5 ifuatwe kweli. Gauni lenye mishono miwili ya ubavu na mmoja wa mgongo, ukishona kwa sm 1, limekuwa pana kwa sm 3. Cherehani nyingi za mguu hazina alama kwenye bamba, kwa hiyo pima sm 1.5 kutoka kwenye sindano na ubandike kipande cha gundi ya karatasi hapo. Ubavuni peke yake ongeza sm 1. Mafundi wetu huacha nafasi ya kufungulia gauni siku za mbele, pateni hizi haziachi kitu. Ukipeleka vipande kupigwa ovaloki kabla ya kuunganisha, mwambie fundi kisu kisile ukingo, la sivyo posho yote hesabu yake imevurugika.

Sasa urefu. Mwenye sm 155 hapunguzi gauni hili kwa kukata chini, kwa sababu sketi iliyopanuka kwenda chini ikikatwa hupoteza upana wa pindo. Kuna mistari miwili sambamba iliyochapishwa kwenye kifua na kwenye sketi. Kunja karatasi hapo. Kiasi cha sm 2 kifuani juu ya kiuno na 8 kwenye sketi ni mwanzo mzuri, kisha uthibitishe kwa gauni la majaribio. Shona sehemu ya juu tu kwa marikani au shuka kuukuu. Mita moja na robo inatosha mwenye mwili wa kawaida.

Jaribio lenyewe lifanywe kwa miondoko yetu, si kusimama mbele ya kioo. Nyanyua mikono kama unayefunga Sala, nenda rukuu, sujudu. Gauni likipanda lote mkono unaponyanyuka, kwapa limekatwa chini mno. Wengi hapo huzidi kulichimba kwapa wakidhani linabana, na hali huzidi kuwa mbaya. Dawa ni kulipandisha kwa sm 1.5 au 2 kwenye mshono wa ubavu, na kupandisha chini ya mkono kwa kiasi hicho hicho. Shingo ya V nayo kwenye pateni hizi hushuka kuliko picha inavyodai. Ipandishe sm 3 au 4 kwenye karatasi ya mbele, na usisahau kurekebisha kipande cha ndani cha shingo, kwa maana hicho ndicho kinachosahauliwa.

Kama sketi ya pateni ina mpasuo nawe ukaufunga, pima mzunguko wa pindo. Picha za bahasha huonesha sketi nyembamba kwa sababu mpasuo ndio unaoruhusu hatua. Chini ya sm 160 hutapanda daladala bila kulishika gauni kwa mkono. Panua kila upande wa ubavu kuanzia gotini, au ufanye sketi ya marinda.

Kitambaa kinastahili mjadala mrefu kuliko bahasha inavyokipa. Nyuma ya bahasha kuna safu mbili za mahitaji, ya kitambaa cha sm 115 na ya sm 150. Kitenge cha Darajani na Mchangani, Unguja, kwa kawaida huangukia safu ya kwanza, na pande la yadi 6, yaani kama mita 5.5, hutosha gauni refu la mikono mirefu hata likiwa na maua ya kulinganisha. Ukinunua vipande vya mita, ongeza nusu mita juu ya jedwali kama maua yana kichwa na miguu, kwani vipande vyote lazima vilale upande mmoja. Loweka, kausha kivulini, piga pasi, ndipo ukate. Wanga wa kiwandani ukitoka kitambaa hunywea, na afadhali kinywee kabla.

Kitenge kina shida moja na mkono wa kupachika. Kichwa cha mkono kwenye pateni huwa kirefu kuliko mzunguko wa kwapa kwa kama sm 2.5 hadi 4, ziada inayotakiwa kumezwa bila kuonekana. Kitambaa cha sufu au krepu huimeza. Kitenge kigumu hukataa, na bega linatoka na mikunyato. Kunja mlalo mdogo kwenye karatasi ya mkono, katikati ya kichwa chake, uondoe kama sm 1.5 ya ziada, kisha upime tena. Hili usilitegemee kwenye maelekezo ya pateni, nalo huharibu magauni ya kitenge yanayoshonwa nyumbani.

Kanga haifuati mchoro wa kupanga vipande, usijaribu. Kila kipande cha doti kina kama sm 150 kwa 110, na pindo limezunguka. Tumia pateni kwa kifua na mikono kwenye doti ya pili, na doti ya kwanza iwe sketi: kanga moja mbele, moja nyuma, zikiwa zimelala kwa upana wake. Unapata mzunguko wa kama sm 300 kabla ya mishono, marinda ya kutosha, na pindo la kanga linakuwa pindo la gauni bila kukunjwa, kwa kuwa ukingo mrefu ni wa kiwandani haufumuki. Hakikisha jina linasomeka likiwa wima, na ulisome kabla ya kulipeleka harusini kwa watu. 

Ushonaji wenyewe ni mwepesi ukishapita hapo. Sindano 80 kwa kitenge na kanga, 70 kwa visikosi na shifoni. Hatua ya mshono milimita 2.5. Kabla ya yote, pitisha mshono wa kushikilia shingo, sm 1.2 kutoka ukingoni, ukitoka begani kwenda katikati kwa kila upande. V imekatwa mshazari na huvutika hata kwa kuning'inizwa tu. Kwenye ncha ya V bandika kipande kidogo cha kitambaa cha gundi, kata hadi uzi mmoja kabla ya mshono. Ukiogopa kuufikia, ncha itabaki na kikunyo. Marinda yapigwe kwa hatua ya milimita 4, mistari miwili, mmoja ndani ya posho na mmoja nje kidogo ya mstari wa mshono, uvute nyuzi za bobini, na ule wa nje uufumue baadaye. Kwenye satini yote miwili ikae ndani ya posho, maana tundu za sindano hazifutiki.

Zipu iwe ya nailoni. Ya chuma na hewa ya chumvi havipatani. Kwanza bandika utepe wa gundi wa sm 2 kwenye kingo zote mbili za mgongo, piga bandi, yaani mshono wa muda wa mkono, uijaribu, ndipo ushone kwa mguu wa zipu ukifuata meno kwa karibu. Kama gauni la bandi limepita mabegani na kifuani likiwa limefungwa mgongo, zipu huihitaji hata kidogo, na umeokoa kazi ya nusu siku.

Sketi ya visikosi iliyopanuka itundike usiku na mchana kabla ya kukata pindo. Sehemu za mshazari ubavuni hushuka zaidi ya katikati, wakati mwingine kwa sm 3. Vaa viatu utakavyovalia gauni hilo, na mwenzako apime kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, azunguke akitia pini. Ukijipimia mwenyewe umeinama, pindo halitakaa sawa.