Mashine Ndogo ya Kukatia Brasi: Ipi Ununue Ukiwa Dodoma, Ipi Uache Dukani

Mwongozo huu ni wa fundi anayekata vipande vifupi vya brasi, kopa au aluminiamu ambavyo lazima vilingane: pete za vipini vya visu na fimbo, bushi, vishikizo vya makabati, vipande vya bomba la friji. Kipenyo ni hadi mm 20, urefu wa kipande mara nyingi hauzidi mm 50. Kwa kazi ya namna hii wauzaji wengi wa Majengo na katikati ya mji watakuelekeza kwenye grinda, kwa sababu ndiyo inayouzika. Sisi grinda tumeiweka mwisho.

Kipimo cha kwanza tulichotumia kupanga ni vaisi, yaani jinsi mashine inavyokibana kipande. Cha pili ni kama diski zake zinapatikana bila kuagiza nje. Cha tatu ni unene wa mkato, maana brasi inauzwa kwa kilo na unga wa msumeno hauuziki kwa bei hiyo. Wati za mota zimekuja mwisho. Mota ya wati 100 inakata bomba la brasi la mm 12 bila taabu. Vaisi mbovu haiwezi kulikata sawasawa hata ukiipa wati 1,000.

Nafasi ya kwanza: mashine ndogo ya umeme wa volti 230, diski ya meno ya mm 63 hadi 85, vaisi ya chuma

Hii ndiyo ya kununua ukiwa na oda za kila wiki. Ina mkono unaoshuka, springi ya kuurudisha juu, na vaisi iliyofungwa kwenye kitako. Kabla ya kuuliza bei, fanya mambo manne papo hapo dukani. Beba venia (kipimio cha milimita na sehemu zake), penseli na kipande cha bomba la brasi la mm 10 au 12.

Anza na spindo, yaani mhimili unaobeba diski. Ukiwa umechomoa waya kwenye soketi, shika diski uitikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Ikicheza, beringi imekwisha au haikukaa vizuri tangu kiwandani. Halafu egemeza ncha ya penseli karibu na ukingo wa diski uizungushe kwa mkono: nafasi kati ya penseli na meno isibadilike zaidi ya mm 0.2. Ikizidi hapo mkato unapanuka, na ukingo unatoka na makwaruzo ya duara.

Pima kipenyo cha spindo kwa venia. Kosa linaloharibu diski nyingi ni hili: mashine ina spindo ya inchi 3/8, ambayo ni mm 9.5, na diski zinazouzwa mjini zina tundu la mm 10. Inaingia vizuri, hata unafurahi. Lakini ule upenyo wa nusu milimita unaiweka diski upande, hivyo meno ya upande mmoja ndiyo yanayokata huku ya upande wa pili yakipita hewani. Utaisikia ikigonga badala ya kuvuma. Diski nyembamba haidumu hapo, itapasuka. Chukua mashine na diski zenye kipimo kimoja, au zile zinazokuja na pete ya kupunguzia tundu inayokaa bila kucheza.

Tatu, pima kina halisi cha mkato. Wengi husoma “mm 63” kwenye boksi wakadhani itakata bomba la mm 50. Chukua kipenyo cha diski, toa kipenyo cha sahani inayoibana, gawa kwa mbili. Diski ya mm 63 yenye sahani ya mm 24 inabaki na mm 19.5, na kama mwili wa mota unagusa vaisi kabla diski haijafika chini, ni pungufu ya hapo. Diski ya mm 50 ni ya bomba la mm 12 au 13, usiitarajie zaidi.

Nne, bana kipande chako na umwombe muuzaji akate. Zungusha kipande nusu mzunguko, kisha simamisha nyuso mbili zilizokatwa zikigusana juu ya kioo au sahani bapa. Mwanya unaouona ni mara mbili ya kosa la mashine. Kama vaisi inarekebishika kwa skrubu, kosa dogo halitishi. Kama imetengenezwa kipande kimoja na kitako na haina skrubu, iache.

Maswali mengi tunayoulizwa ni kuhusu aina ya diski, na hapa ndipo pana pesa. Diski ya HSS (chuma kigumu cha zana za kukatia) ya mm 63 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, jino linasafiri karibu mita 990 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya meno ya kabaidi, ambayo ni magumu na yanavumilia joto zaidi, imezidi mno kwa HSS. Kwenye bomba lenye ukuta wa mm 1 HSS inavumilia kwa kuwa mguso ni mfupi. Kwenye nondo ya brasi ya mm 12 inapata moto, inabadilika rangi kuwa ya bluu, na inakuwa butu. Ndiyo maana mashine yenye kitufe cha kupunguza kasi hadi 1,500 au 2,000 inastahili kuongezewa fedha. Ikiwa haina, nunua kabaidi. Na uangalie mwinamo wa jino: kwa brasi linatakiwa lisimame wima au liegemee nyuma kidogo. Jino lililoinamia mbele kama la msumeno wa mbao linajichimbia, linakivuta kipande na kukirusha.

Nafasi ya pili: mashine ya mota ya volti 24 inayotumia adapta

Ni ndogo, nyepesi, na mara nyingi ni nusu tu ya bei ya ile ya kwanza. Kwa fundi wa Kondoa, Mpwapwa au Bahi anayefanya kazi kwa sola ina faida ambayo ya kwanza haina: inakwenda moja kwa moja kwa betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, bila inveta. Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu na betri.

Boksi litakuambia wati 300. Usilisome, soma adapta. Zidisha volti kwa ampea: volti 24 mara ampea 5 ni wati 120, na hapo unakata brasi. Adapta ya volti 12 na ampea 3 inatoa wati 36. Mota itasimama katikati ya nondo na kuanza kunuka. Kasoro ya mashine hizi ni vaisi, ambayo mara nyingi ni plastiki au bati lililokunjwa. Dawa yake ni rahisi: chukua mti mgumu, mninga au mpingo, chonga mfereji wa umbo la V, ufunge kwenye kitako kwa skrubu mbili. Bomba la duara likikaa ndani ya V halisogei pembeni, na linashikwa sehemu mbili badala ya moja.

Ya tatu: kata-bomba ya mkono

Kama unakata bomba tu, na ni vipande kumi au ishirini kwa wiki, ishia hapa uweke fedha yako mfukoni. Ile ndogo ya mm 3 hadi 28 haitumii umeme, haipotezi hata chembe ya brasi, na mkato wake ni mraba kabisa. Kaza robo mzunguko, zungusha raundi nzima, kaza tena. Anayekaza nusu mzunguko kwa haraka ndiye anayebonyeza bomba na kuvunja gurudumu la kukatia. Ukingo unaingia ndani kidogo kila mara, hivyo unahitaji kisu cha kusafishia tundu. Nyingi zinacho mgongoni. Haikati nondo, na pete fupi ya mm 4 au 5 inateleza kwenye roli.

Ya nne: msumeno wa chuma na boksi la kuongozea

Bei yake ni ya chini kuliko zote. Kinachoamua ni bledi yake, ule ukanda wenye meno: ukuta wa bomba unahitaji angalau meno mawili yakiwa yameugusa kwa pamoja. Bledi ya meno 18 kwa inchi inakwama na kung’oka meno kwenye bomba jembamba. Chukua ya meno 32, uchomeke kijiti cha mbao kinachobana ndani ya bomba kabla ya kukata. Kwa kazi za urembo, msumeno wa sonara wenye nyuzi namba 2/0 unakata safi zaidi, lakini nyuzi zinakatika, basi nunua dazeni nzima.

Ya tano: mashine ya aluminiamu ya inchi 10

Mafundi wa madirisha wameijaza Dodoma tangu ujenzi wa ofisi na nyumba uongezeke, kwa hiyo kuiazima ni rahisi. Diski yake ya meno 100 au 120 inafaa brasi kabisa. Tatizo ni unene, unaokaribia mm 3. Fanya hesabu: nondo ya brasi ya mm 12 ina karibu gramu 960 kwa mita. Mikato mia moja kwa diski ya mm 3 inageuza gramu 288 kuwa unga. Kwa diski ya mm 1 ni gramu 96. Tena kipande cha mm 10 kikinaswa na diski kubwa hivyo hukioni tena, unasikia tu kimegonga bati.

Ya mwisho: grinda na stendi yake

Jiwe la kukatia la inchi nne na nusu limetengenezwa kwa chuma. Brasi na aluminiamu ni laini. Zinajaza matundu ya jiwe, jiwe linaacha kukata na kuanza kusugua, kipande kinapata moto, na ukingo unabaki na makali mazito yanayokula muda wa tupa kuliko muda wa kukata. Stendi za bei nafuu zina mchezo kwenye kiungo, hivyo urefu unatofautiana hata ukitumia kizuizi cha kupimia urefu. Kuna wanaotatua hilo kwa kufunga diski ya meno kwenye grinda. Usifanye hivyo kabisa: grinda inazunguka mara 11,000 kwa dakika, na jino likinasa inaruka kuelekea kwako.

Kizuizi, ambacho hakuna anayekiuza

Hata mashine ya nafasi ya kwanza haikupi urefu sawa bila kizuizi. Skrubu ya M6 (unene wa mm 6) kwenye kipande cha pembe ya chuma inatosha. Ikiwezekana kiweke upande wa vaisi, kitako cha kipande kiegemee hapo, na kinachokatwa kianguke huru upande wa pili. Ukiweka kizuizi upande wa kipande kinachoanguka, kinabanwa kati ya skrubu na diski, na hapo ndipo diski za kabaidi zinapovunjika meno. Kama huna njia nyingine, tumia kizuizi cha kukunja: pima, kaza vaisi, kirudishe nyuma, ndipo ukate. Acha mm 0.3 za kumalizia kwa tupa na msasa.

Shusha mkono taratibu mpaka meno yaguse, kata kwa uzito wa mkono wenyewe, na uwe mwepesi zaidi pale diski inapokaribia kutoka. Nta ya mshumaa ikipakwa kwenye meno inasaidia sana kwa aluminiamu, kwa brasi si lazima. Miwani vaa, glavu vua: uzi wa glavu ukinaswa, unavuta na kidole. Nondo za brasi za kuchongea huwa na risasi, ile metali nzito, mara nyingi kufikia asilimia 3, kwa hiyo vumbi lisipulizwe kwa mdomo. Fagia kwa kitambaa chenye maji na unawe kabla ya kula.

Neno kuhusu vyuma chakavu. Brasi nyingi ya mitumba inafika kwa kilo ikiwa imechanganywa, na wakati mwingine ndani yake kuna maganda ya risasi za bunduki au hata risasi nzima. Kamwe isifike kwenye diski: kichochezi cha kitako kinaweza kulipuka kwa joto au kwa kugongwa, na kuwa na risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Iache ilipo, mwite polisi.

Kabla ya kulipa, soma kibati cha mashine. Zile za mitumba zilizotoka nchi za volti 110 zinaungua ndani ya dakika chache kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230, na muuzaji atakuambia ulikandamiza sana. Dai risiti na maandishi ya dhamana. Nunua siku hiyohiyo diski tatu za ziada na jozi mbili za brashi za kaboni, kwa sababu modeli hizi hubadilika na mwakani brashi za kipimo hicho huenda zisiwepo hata Kariakoo. Brashi ikifupika chini ya mm 5, ibadilishe. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, upepo wa Dodoma ukiwa na vumbi, puliza matundu ya mota kwa pampu ya baiskeli kila mwisho wa wiki na uifunike mashine isipotumika.