Cherehani kuukuu ya miguu: inama ukague stendi kwanza

"Inarudi nyuma." "Uzi unakatika kila nikianza." "Labda miguu yangu haikuumbiwa kazi hii." Wanunuzi wa cherehani kuukuu za kukanyaga wana malalamiko yanayofanana, na walichofanya siku ya kununua pia kinafanana: walizungusha gurudumu dogo kwa mkono, wakaona sindano inapanda na kushuka, wakalipa. Kichwa, yaani mashine yenyewe ya juu ya meza, kilikuwa kizima kweli. Ubovu ulikuwa chini ya meza, na hakuna aliyeinama.

Basi tuache habari za nakshi za dhahabu na idadi ya droo. Mbao iliyochubuka haijawahi kuharibu mshono. Stendi ndiyo injini ya cherehani hii, na anayenunua gari bila kufungua boneti hujulikana anavyoitwa.

Kanyagio limeungwa na gurudumu kubwa kwa fimbo moja, ya mbao kwenye stendi za kale zaidi, ya chuma kwenye zilizofuata. Kila mzunguko fimbo hiyo hupita sehemu mbili ambapo mguu hauna nguvu yoyote: juu kabisa na chini kabisa. Hapo gurudumu linapita kwa mwendo lililokuwa nao tu. Sasa kiungo cha fimbo kikilegea hata milimita mbili, mguu unakanyaga hewa kwanza ndipo ukanyage gurudumu. Mwendo unapungua, gurudumu linafika juu likiwa limechoka, kisha linaangukia upande wa nyuma. Ndoano ya chini ikirudi nyuma huku imeshika kitanzi cha uzi, nyuzi zinajisokota chini ya kitambaa au zinakatika. Mwanafunzi anajilaumu, na fundi anauziwa kazi ya kurekebisha mkazo wa uzi ambao haukuwa na kosa.

Kukagua ni dakika tano. Vua mkanda unaounga gurudumu kubwa na dogo. Shika gurudumu kubwa kwa mkono mmoja lisisogee hata kidogo, na kwa mkono mwingine bonyeza kanyagio mbele, kisha nyuma. Likicheza wakati gurudumu limetulia, na ukasikia ko, ko, kuna mahali pamelika. Pako patatu pa kushuku: kiungo cha juu (fimbo inapoishika pini ya gurudumu), kiungo cha chini (inapolishika kanyagio), na zile ncha mbili ambazo kanyagio lenyewe linaninginia kwenye stendi. Weka kidole juu ya kila kiungo huku ukibonyeza, na kinachogonga utakisikia kidoleni. Halafu shika ukingo wa gurudumu ulivute kulia na kushoto, ujue kama ekseli yake imelegea. Mwisho kanyaga mara nne tano, toa mguu. Gurudumu zima huendelea kuzunguka kimya na kutulia taratibu. Likisimama kama limeshikwa, huenda ni mafuta yaliyokauka, nyuzi zilizojiviringisha kwenye ekseli, au skrubu zilizokazwa kupita kiasi.

Mengi ya haya yanatengenezeka. Kwenye stendi za Singer, kanyagio huzunguka kwenye skrubu zenye ncha, kila moja na nati yake ya kufungia. Legeza nati, kaza skrubu robo ya mzunguko, jaribu, kisha ifunge nati ukiwa umeishika skrubu isifuate. Ukikaza mno kanyagio linakuwa zito, kwa hiyo robo kwa robo. Fimbo ya mbao iliyopanuka tundu, seremala ataichonga upya kwa mbao ngumu. Pini ya gurudumu iliyolika upande mmoja ni kazi ya karakana ya chuma, na bei ya cherehani ishuke kwa kiasi hicho. Ufa kwenye mguu wa stendi, ondoka. Chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka, na kukichomelea kunataka mtu anayejua kukipasha moto kwanza. Mchomeleaji wa kawaida huziba ufa mmoja na kuacha mwingine pembeni yake.

Stendi ikipita, sasa kichwa.

Namba moja ni Singer ya darasa la 15, wala sifichi upendeleo. Bobini yake ya duara, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kesi inamokaa vimeigwa na viwanda vingi duniani kiasi kwamba hadi leo vinatengenezwa vipya. Sindano yake ni ile ya kawaida ya cherehani za nyumbani, iliyoandikwa 15x1 au 130/705H kwenye pakiti. Mkazo wa uzi wa juu, ndoano, meno yanayosukuma kitambaa, vyote unavifikia kwa bisibisi moja. Ukipata modeli ya 15-88 umepata na wenzo wa kurudisha mshono nyuma. 15-30 haina, lakini unageuza kitambaa ukashona juu ya mishono mitatu minne ya mwisho, basi. Kosa la wanafunzi kwenye darasa la 15 ni sindano: upande bapa unaelekea kushoto na uzi unapita tunduni kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiigeuza haitashika mshono hata mmoja. Ukinunua kesi mpya ya bobini, nenda na ile ya zamani uzilinganishe, kwa sababu kidole cha kesi hakikai pembe moja kwenye nakala zote.

Tahadhari moja kubwa hapa. 15-91 ni ya darasa hilohilo na inafanana kwa sura, ila mota yake imejengwa mgongoni na inaendesha kwa gia. Gurudumu lake halina mfereji wa mkanda wa kukanyagia. Kichwa hicho juu ya stendi ni pambo. 201-2 ina tatizo lilelile. Kabla ya neno lolote la bei, tazama kama gurudumu dogo lina mfereji na kama meza ina matundu ya kupitishia mkanda chini yake.

Namba mbili, Singer 66. Bobini inalala bapa upande wa kushoto chini ya kifuniko, kwa hiyo unaiona uzi ukikaribia kuisha, faida ambayo 15 haina. Uzi wa sindano hapa huenda kushoto kwenda kulia. Angalia mambo mawili. Bobini za 66 na za 15 zinakaribiana ukubwa na wauzaji huzichanganya; ya 66 ina nyuso zilizovimba kidogo, ya 15 ni bapa. Na baadhi ya 66 za mwanzo za Marekani hufunga kiatu cha kukandamizia kwa nyuma badala ya pembeni, na viatu hivyo kuvipata ni shughuli. Kama kiatu hakipo, usikubali kuambiwa "kinapatikana popote".

Tatu, Singer 27 na 127, zenye kimtumbwi kirefu kinachobeba uzi wa chini badala ya kesi ya duara. Zinashona vizuri ajabu kitambaa chepesi na cha kati. Kila kitu kinategemea kile kimtumbwi. Kitoe, pitisha ukucha kwenye ncha yake na ubavuni. Ukucha ukikwaruza, uzi pia utakwaruzwa. Kisipokuwepo, usinunue ukitumaini kukipata baadaye, maana kuna watu wanaovunja cherehani nzima ili wauze hivyo tu. 28 na 128 ni ndugu zao wadogo, na kitako chao kifupi hakijai kwenye tundu la meza ya kichwa kikubwa, ambalo ni karibu sm 37 kwa 18.

Singer 201K ya mkanda, isiyo na mota ya gia, ni laini na tulivu kuliko zote hizo. Bei zake ndizo zinaiangusha nafasi ya nne: mshono wake ulionyooka ni mzuri, lakini hauzidi ule wa 15 kwa kiasi unachoongezewa kulipa. Pfaff 130 inafaa kwa anayelazimika kupata zigizaga, na akubali kukanyaga kwa nguvu zaidi. Singer 12 iachie mpenda vitu vya kale. Inatumia sindano za 12x1 ambazo utazitafuta kuliko utakavyoshona.

Nakala za bei nafuu za darasa la 15, akina Butterfly na wenzake, zinashona. Kipimo ni kilekile, cha kushika gurudumu na kubonyeza kanyagio.

Sasa wauzaji. Neno "antiki" limekuwa leseni ya kuongeza bei. Cherehani hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, na umri peke yake hauzipi thamani ya kazi. Utaambiwa "hii ni ya 1851" kwa sababu mtu alisoma mahali kwamba ndio mwaka wa hataza (haki ya uvumbuzi) ya kwanza ya Isaac Singer. Miaka iliyochorwa kwenye kibati cha kuteleza, kinachofunika bobini au kimtumbwi, ni ya hataza, haihusiani na siku kichwa kilipotoka kiwandani. Mwenye kusema kweli ni namba ya usajili iliyo kwenye kitako: kwenye Singer, namba zenye herufi mbele zinaanzia 1900, kabla ya hapo ni tarakimu tupu. Wapo pia wanaopuliza rangi mpya nyeusi juu ya kutu, na wanaomimina mafuta ya kupikia ili gurudumu lizunguke siku ya mauzo. Baada ya wiki chache yanaganda kama gundi. Ukikuta mafuta yenye harufu ya jikoni, osha kwa mafuta ya taa, zungusha, futa, kisha tia mafuta ya cherehani tone moja kila tundu. Usisugue kichwa cheusi kwa spiriti. Inayeyusha vanishi na nakshi zinaondoka nayo.

Mkanda wa ngozi una unene wa karibu milimita 5 na huuzwa ukiwa na urefu wa kama mita 1.8, halafu unaukata. Upitishe kwenye magurudumu yote mawili, uuvute ukaze kiasi cha kutoteleza, kata, toboa tundu milimita 6 kutoka ncha, funga kwa pini yake ya chuma. Ukikazwa kama uzi wa gitaa, kanyagio linakuwa zito na lawama zinarudi kwa miguu. Ukiteleza baada ya siku kadhaa, ngozi imenyooka. Punguza sentimita moja.

Kujifunza kunaanza bila uzi na bila kitambaa, kiatu kikiwa juu. Legeza kitasa kilicho katikati ya gurudumu dogo ili sindano itulie. Kisipoachia, kifungue na ugeuze washa yenye vijino iliyo ndani nusu mzunguko. Weka miguu yote miwili, mmoja mbele kidogo, mwingine nyuma. Mkono wa kulia ndio unaoanza: vuta gurudumu dogo kwako, miguu ifuate, kisigino kikishuka ncha ya mguu mwingine inangoja. Lengo la siku za mwanzo ni kuanza na kusimama mara ishirini bila kurudi nyuma hata mara moja. Kasi iache. Kisha kaza kitasa, shona karatasi yenye mistari bila uzi, usome matundu. Uzi uje mwisho, na uzi ukishaingia usikanyage kamwe bila kitambaa chini ya kiatu, na ncha zote mbili za uzi, wa juu na wa chini, zishikwe nyuma kwa mishono mitatu ya kwanza.

Ukimaliza kazi, sukuma mkanda utoke kwenye gurudumu kubwa. Mtoto akija kukanyaga, gurudumu litazunguka peke yake, sindano imelala.