Nyaraka za Python: alama za matoleo zimo, ila zimekaa mahali pabaya

Nyaraka rasmi za Python, lugha ya kuandikia programu, zina sifa moja ambayo mtu anayeandikia programu seva za zamani huithamini kuliko uzuri wa kurasa: moduli au fanksheni iliyoingia baadaye huandikiwa toleo ilimoanzia, na tabia yake ikibadilika, badiliko hilo nalo huandikwa pamoja na toleo lake.

Tuchukue datetime.fromisoformat, fanksheni inayogeuza tarehe iliyoandikwa kama maandishi kuwa tarehe ambayo programu inaielewa. Ilianza katika toleo la 3.7, lakini hadi 3.10 ilikubali tu tarehe zilizoandikwa kwa namna ambayo isoformat, fanksheni pacha inayogeuza tarehe kuwa maandishi, yenyewe huzitoa. Ukiipa 2011-11-04T00:05:23Z, yenye Z ya kuonyesha saa za UTC, katika matoleo hayo inakurudishia ValueError, yaani kosa la thamani isiyokubalika, lakini kuanzia 3.11 inaipokea bila kinyongo. Mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04 huja na Python 3.10 na ule wa Debian 12 huja na 3.11, kwa hiyo kodi ile ile, bila kuguswa hata nukta, hufanya kazi huku na kugoma kule. Nyaraka zinalieleza jambo hili waziwazi, lakini chini kabisa, baada ya mifano, na mfano wenye Z hiyo hiyo umekaa juu bila onyo lolote. Msomaji mwenye haraka (na ni nani afunguaye nyaraka bila haraka?) ataunakili na kwenda zake.

Nyaraka za lugha nyingine hupanga tofauti: Rust huweka namba ndogo ya toleo upande wa kulia wa jina la kila fanksheni ya maktaba yake ya msingi, na Go hufanya vivyo hivyo kwa zilizoongezwa baada ya toleo lake la kwanza. Inasomeka kwa kutupa jicho tu, lakini husema jina lipo tangu lini, basi. Kwa utaratibu huo fromisoformat ingebandikwa 3.7 na msomaji angepotoshwa. Ndiyo maana Python bado naiweka mbele yao. Waliopanga vizuri zaidi ni watu wa lugha ya PHP, ambao huorodhesha matoleo chini ya jina, kisha huweka jedwali la mabadiliko kabla ya mifano.

Python ingeweza kuhamisha alama zake juu bila kuongeza neno hata moja. Kwa sasa, anayelenga seva yenye 3.10 achague toleo hilo kwenye orodha iliyo juu ya ukurasa kabla ya kuanza kusoma, kwa kuwa mfano wenye Z humo haumo.