Viatu vyepesi au buti katika njia ya Machame

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hukutana na matope ya msituni siku ya kwanza, kisha hukanyaga changarawe legevu ya volkano kati ya kambi ya Barafu na kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895. Ni vigumu kiatu kimoja kufaa kote.

Kiatu chepesi hupunguza uchovu, kwa kuwa uzito ulio mguuni huchosha kuliko uzito uleule mgongoni, nacho kikilowa hukauka mapema. Kwenye Ukuta wa Barranco, ambako mpandaji hutumia mikono, soli yake laini humwezesha kuhisi mwamba.

Usiku wa kuelekea kileleni, hata hivyo, baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri, na hapo sina shaka yoyote: buti linalofunika kifundo, lenye soli ngumu na nafasi ya soksi nene, ndilo linalostahili. Changarawe, ambayo huingia kwa urahisi katika kiatu kifupi, hulisumbua kidogo sana. Lakini buti jipya, lisilovaliwa kwanza nyumbani kwa wiki kadhaa, huleta malengelenge makali, hasa katika mteremko mrefu wa Mweka.