JKIA au Wilson? Pima begi kabla ya kulipia tiketi

Tangu shule zifungwe, malalamiko ninayoletewa na wasomaji ni yale yale. La karibuni limetoka kwa dada aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka Doha, ana masanduku mawili yaliyojaa zawadi za watoto, na tiketi aliyokatiwa na wakala hadi Lodwar. Karatasi imeandikwa "Nairobi" mara mbili, pa kushukia na pa kupandia. Hakuna aliyemwambia kwamba anashukia JKIA, yaani uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta kule Embakasi, na kwamba ndege ya Lodwar inapaa kutoka uwanja mwingine, Wilson, Barabara ya Lang'ata. Alikimbia na teksi akaiwahi ndege. Kilichomshinda ni mizani. Sanduku moja aliliacha kwa binamu yake South B, na la pili akalilipia kila kilo iliyozidi.

Kwa hiyo leo siongei habari za viti vya kungojea, ladha ya chai wala dakika za kukaa angani. Hata bei ya tiketi itangoja, maana kila mtu anajua kuitafuta kwenye simu. Jambo ambalo watu hawaliulizi mpaka wafike kaunta ni kilo, na kilo ndizo zinazopaswa kuamua kama unasafiri kupitia JKIA au Wilson.

Viwanja vyote viwili viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya, lakini havifanani hata kidogo. Wilson ndio mkongwe. Ulianza mwaka 1929, kwa miaka mingi ukaitwa Nairobi West, kisha mwaka 1962 ukapewa jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways. Uko kama kilomita 5 tu kutoka katikati ya jiji. Ukishapita mzunguko wa T-Mall umefika. Huo wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na ulipewa jina la Mzee Jomo Kenyatta baada ya kifo chake mwaka 1978. Huko ndiko zinakotua ndege kubwa za kutoka ng'ambo. Kwenye tiketi vitofautishe kwa herufi tatu: NBO ni JKIA, WIL ni Wilson. Kabla hujatuma pesa, zitafute herufi hizo.

Sasa tuje kwenye kilo. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Hewa ya juu ni nyembamba, bawa linainua kidogo na injini inavuta kidogo, na jua la saa saba likiwaka hali inazidi kuwa ngumu. JKIA ina njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita 4, ndege ina nafasi ya kutosha kukusanya mwendo. Wilson ina njia mbili, kila moja kama kilomita moja na nusu. Ongeza na viwanja vya huko inakoelekea ndege, vile vya udongo wa muramu vya Mara na Samburu, utaona kwa nini kila kilo inahesabiwa.

Safari nyingi za mbugani hutumia Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria 12 hivi. Ukisimama kando yake utaona pango refu lililoning'inia chini ya tumbo, na milango midogo ubavuni. Humo ndimo mabegi yanamosukumwa, moja baada ya jingine, yakibanwa yaingie kila pembe. Sanduku gumu la magurudumu halibanwi. Linaweza kuwa na kilo 10 tu na bado likakataliwa, kwa sababu tatizo lake ni umbo. Hiki ndicho kipengele ambacho wauzaji hukiandika kwa herufi ndogo kuliko vyote: safari za mbugani ni kilo 15 kwa mtu, begi laini, na mkoba wa mkononi umo ndani ya hizo hizo 15. Watu husoma 15 wakadhani ni begi la chini peke yake, halafu wanabeba mkoba wenye kompyuta, chaja, viatu na chupa ya maji.

Nimesimama kwenye foleni Wilson nikamwona mama mmoja akiambiwa hivyo mbele ya watu. Kijana wa kaunta aliinama, akaubonyeza mfuniko wa sanduku kwa kiganja, akasema kwa upole, "Mama, hili halikunjiki." Mama akapiga magoti sakafuni, akafungua zipu, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: viatu vya shule, pakiti za majani ya chai, kitenge kilichokunjwa vizuri, dawa za baba yake. Vikahamia kwenye mfuko wa sandarusi aliouazima kwa abiria mwingine. Sanduku tupu likabaki kaunta. Simlaumu yule kijana hata kidogo, sheria ya uzito hakuitunga yeye, na ndiyo inayotufikisha salama. Namlaumu aliyeuza ile tiketi.

Haya, nipange.

Nafasi ya kwanza naipa Wilson, na sifichi kwamba kampuni ninayoipenda hapo ni Safarilink. Wamekuwa wakiruka tangu mwaka 2004, wana Caravan za mbugani na Dash 8 za safari ndefu zaidi, na masharti ya mzigo ukiwauliza kwa simu wanakujibu moja kwa moja, begi liwe laini, kilo ni hizi, zikizidi utalipa kiasi hiki. Mimi hilo linanitosha kumpa mtu pesa yangu. AirKenya nao ni wazoefu wa mbugani. Uzuri wa Wilson ni kwamba kutoka mlango wa teksi hadi ngazi ya ndege ni hatua chache. Ukifika saa moja kabla ya safari hujachelewa. Matatu za Lang'ata na Rongai zinapita hapo nje, kwa hiyo asiye na pesa ya teksi naye anafika. Kama unakwenda Mara, Amboseli, Samburu au Lodwar, na vitu vyako vinaingia kwenye begi moja la turubai, usijisumbue na Embakasi.

Jambo moja tu la kuangalia ukienda Mara. Kule hakuna uwanja mmoja. Kuna Keekorok, Ol Kiombo, Musiara, Kichwa Tembo na vingine, na ndege hurukia kimoja baada ya kingine ikishusha na kupakia. Kila inapotua, rubani hushuka akafungua pango la mizigo. Begi lako liwe na alama utakayoitambua ukiwa mbali, kitambaa chekundu kwenye mshikio kinatosha, na uhakikishe ni lako lililoshushwa kabla ndege haijageuka. Mabegi yote ya safari yana rangi ya kaki!

Nafasi ya pili ni JKIA kwa Kenya Airways, kwa anayekwenda Mombasa au Kisumu na mzigo wa kweli. Tiketi ya kawaida inakupa begi la kilo 23, na sanduku gumu halina kesi. Kama unapeleka vitu vya harusi, au unahamisha mtoto wa chuo, hapa ndipo mahali pako. Lakini jipe muda. Pale kwenye lango la ukaguzi abiria wote mnashuka garini, mnapita kwa miguu kwenye kibanda cha mashine huku dereva akipita na gari upande wake, kisha mnatafutana ng'ambo. Ukiwa na wazee au watoto waliolala, hapo peke yake pana kazi. Halafu kuna majengo: 1A, 1B, 1C, 1D, 1E, na jengo la 2 lililo peke yake. Safari za ndani ya nchi hutoka 1D. Mwambie dereva "1D" mapema, asije akakushusha kwenye mlango wa kwanza anaouona ukaburura sanduku juani.

Nafasi ya mwisho kabisa, ambayo sitaki hata mtu wangu aijaribu bila sababu, ni kushuka JKIA na kupandia Wilson siku hiyo hiyo. Kwenye ramani ni karibu. Unatoka Embakasi, unashika Barabara ya Mombasa au Expressway, unaingia Southern Bypass, unatokea Lang'ata. Barabara ikiwa wazi ni mwendo mfupi. Mvua ikinyesha jioni ya Ijumaa, hata Expressway ya kulipia haikusaidii ukishashuka chini. Na kabla ya barabara kuna uhamiaji, kungoja masanduku na forodha. Kwangu mimi chini ya saa tano kati ya kutua na kupaa ni kubahatisha. Bora ulale usiku mmoja mjini.

Tena huko ndiko kilo zinakoumiza kuliko kote. Ndege za Ghuba huruhusu kilo 30, nyingine zaidi, na ndugu zetu wanaorudi kutoka Doha, Dubai au Muscat huzijaza zote, wana haki, ni jasho lao. Wanaanzia na kilo 30 halali, wanafika Wilson zikiwa 15 haramu. Ukiwa katika hali hiyo, usibebe vyote. Mpe mzigo mkubwa kampuni ya basi inayofika kwenu, ulipie kama kifurushi, nawe upande ndege na begi dogo. Na ukipata ndege inayotoka JKIA hadi mji wenu, au ulio jirani, ichukue hata kama inakupotezea nusu siku.

Za bei nafuu nazigusa tu. Jambojet wanatoka JKIA, ni wazuri kwa anayesafiri na begi la mgongoni lisilozidi kilo 7. Ukiongeza begi la chini unalipia, na unafuu unayeyuka. Treni ya SGR kwenda Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida tangu Januari 2024, ila kituo kiko Syokimau, na mchana wako umekwisha.

Sasa niseme la moyoni kuhusu wauzaji. Nilimpigia wakala mmoja, simtaji, nikamuuliza ndege inatoka uwanja upi. Akanijibu, "Nairobi, madam." Nikarudia swali. Akasema ataniangalizia, na hakupiga simu tena. Huyu ni mtu anayelipwa kuuza safari za ndege katika jiji lenye viwanja viwili vya abiria. Karatasi yake ina nembo ya rangi, ina nambari ya kulipia M-Pesa, ina tangazo la bima na la hoteli, lakini haina jina la uwanja wala neno moja kuhusu mzigo. Bei ya kilo ya ziada hutaiona popote mpaka uwe umesimama kaunta, ndege inawashwa, huna la kufanya ila kulipa. Na wanajua hivyo. Kisha ifike Desemba, tiketi ile ile ya pwani inapanda mara mbili au zaidi, mzigo unaoruhusiwa haujaongezeka hata nusu kilo, na mtu anaambiwa ashukuru kwamba nafasi ipo.

Mawakala wanaosoma hapa, na najua mnasoma: andikeni JKIA au Wilson kwa herufi kubwa juu ya karatasi. Chini yake andikeni kilo, mkishaeleza kama za mkononi zimo au hazimo. Chini yake andikeni bei ya kilo moja inayozidi. Mistari mitatu.

Na nyinyi mnaoondoka wiki hii kwenda Mara, mabegi ya turubai yanapatikana Gikomba na Eastleigh, chagueni yasiyo na magurudumu wala chuma mgongoni, maana chuma peke yake kinakula kilo mbili kabla hujaweka shati. Pakia usiku, pima na mkoba wa mkononi ukiwa juu yake, na mavazi mazito uyavae: asubuhi ya Mara ina baridi, koti litakufaa ukishuka.