Banda umiza la Chang'ombe na visiwa vya Uskoti: jero haipotei, ila njoo na maji yako

Jana nimemaliza Jumapili ya tatu kwenye hili banda la video (Chang'ombe ya hapa Dodoma jamani, sio ya Dar) kwahiyo nadhani sasa naweza kulisema vizuri. Kwa msiojua, Jumapili mchana kabla ya mechi mwenye banda siku hizi haweki muvi za ngumi, anaweka dokumentari halafu dijei anakaa pembeni na maiki anatafsiri. Mwezi huu ni visiwa vya Uskoti, vile vya mbali kabisa ambavyo hata ukikuza ramani ya simu unaona vidoti tu. Kiingilio jero. Mdogo wangu ndio alinivuta, mimi nilienda nikijua nitasinzia.

Nianze na mabaya niyamalize. Bati halina dari, saa nane mchana unaiva kama chapati, feni moja na imeelekezwa kwa dijei. Mabenchi ya mbao yana misumari, angalia unapokaa. Spika ina besi kubwa mpaka mawimbi ya bahari yanasikika kama lori la kokoto linamwaga mzigo. Choo sikwenda, nilimuuliza aliyetoka huko akanyamaza.

Sasa dijei. Huyu mwamba anajua kazi asee. Wiki ya kwanza walikuwa North Ronaldsay, kisiwa kimoja cha Orkney, kuna kondoo wanaishi ufukweni wanakula mwani, yaani majani ya baharini, wamezungushiwa ukuta wa mawe wa karibu kilomita 20 tangu miaka ya 1830, na ukuta wenyewe sio wa kuwafungia ndani, ni wa kuwazuia wasiingie kwenye majani mazuri ya ng'ombe! Maji yakitoka wanashuka kula, maji yakijaa wanapanda kucheua. Nyuma yangu walikaa jamaa wawili wafugaji wametoka mnadani, mmoja akasema kwa sauti "hao kondoo au mbuzi wa jela?" banda zima likacheka, na dijei badala ya kukasirika akasimamisha picha akaeleza kwamba majike wakikaribia kuzaa wanaingizwa ndani ya ukuta kwenye majani ya kawaida. Jamaa wakaridhika. Sijawahi kuona dokumentari inajibu maswali.

Wiki ya pili ilikuwa fupi, na mimi sikuipenda sana, safari za ndege tu. Ila kisiwa cha Barra kilinishangaza, ndege ya abiria inatua mchangani ufukweni, na ratiba inafuata bahari, maji yakijaa hakuna uwanja. Dijei: "uwanja huu unaoga mara mbili kwa siku kuliko baadhi yenu." Halafu kuna safari ya ndege ya kutoka kisiwa cha Westray kwenda Papa Westray, kilomita 2.7, dakika mbili umefika, umbali ambao bodaboda wa hapa bado anakuomba buku.

Jana ndio ilikuwa yenyewe. St Kilda. Hivi ni visiwa vidogo kama kilomita 64 nje ya visiwa vingine ambavyo navyo viko mbali, havina hata mti, kwa upepo wa huko upepo wetu wa Agosti ni mtoto. Watu waliishi huko karne na karne kwa kula ndege wa baharini. Wanaume wanashuka kwa kamba pekupeku kwenye genge la mita 400 na zaidi kukamata ndege na mayai, mafuta ya ndege wanawashia taa, manyoya wanalipia kodi ya ardhi. Nyama wanaitunza kwenye vibanda vya mawe visivyozibwa, upepo unapita unaikausha, na viko zaidi ya 1,200 mpaka leo. Mama mmoja mbele yangu akasema ni kama sisi na mlenda mkavu tu, ukikosea kukausha umekufa kiangazi. Kweli kabisa.

Na walikuwa na Bunge! Ndio lilivyokuwa linaitwa. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili wanaume wanasimama barabarani kijijini wanajadili leo tufanye kazi gani, hakuna spika, hakuna mwenyekiti, na siku nyingine wanabishana mpaka kazi yenyewe haifanyiki. Hapo sihitaji kuwaambia dijei wa Dodoma alisema nini, wengine mko kwenye ajira mtaniponza.

Barua walikuwa wanaweka kwenye kimtumbwi cha kuchonga, wanafunga kibofu cha kondoo kilichojazwa hewa kielee, wanatupa baharini, kingine kinafika Uskoti kingine Norwei. Tiki moja miezi yote hiyo.

Sema hapa ndipo dijei alipoharibu. Ilipofika sehemu ya kuhama, 1930, mzee mmoja akauliza "walifukuzwa kama sisi?" na dijei bila kufikiri akajibu ndio mzee, serikali iliwatoa kwa nguvu. Sio kweli. Vijana walishaondoka wengi, wamebaki watu 36, mwezi wa tano wakaandika wenyewe barua kuomba watolewe, tarehe 29 Agosti meli ikawachukua. Kila nyumba wakaacha Biblia imefunguliwa na kafungu ka nafaka ya oti. Mbwa wao waliwazamisha. Hapo dijei alizima maiki, nampa hiyo, hakusema kitu mpaka meli ikatoweka. Halafu wengi wao, watu ambao hawajawahi kuishi na mti, wakapewa kazi ya misitu.

Wakati tunatoka nikamfuata yule mzee nikamwambia babu, wale waliomba wenyewe. Akasema yeye hakuomba, Operesheni Dodoma ya 1971 iliwakuta kwenye tembe lao, wakapelekwa kijiji cha ujamaa, tembe likabaki na mlango wazi. Akaniuliza kama kuna hata mmoja wa kile kisiwa bado yupo. Nikaangalia kwenye simu, wa mwisho aliyezaliwa kule alifariki 2016, mwanamke, wakati wa kuhama alikuwa na miaka nane.

"Mimi nilikuwa na tisa," akasema, akarudi ndani kulipa buku ya mechi.

Wiki ijayo wanaweka Shetland. Wahi kabla ya saa nane, kaa benchi la kushoto, kulia kuna tundu kwenye bati jua linapiga moja kwa moja kwenye tivi. Na wewe dijei kama unasoma hii, soma kidogo kabla ya kushika maiki, kipaji unacho.